Hassan, Pringle ama Patel? Vijana watatu wa Nairobi kwenye kriketi ya kaunti, na wewe ungefuata njia ya nani

Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na tisa, anarusha spini (ule mpira wa taratibu unaojipinda ukigonga chini), na tangu mwaka jana hana stori ingine zaidi ya Uingereza. Juzi tumekaa nje tunakunywa chai kaniuliza, "Anko, nikipata klabu kule niende nisote mpaka kaunti inione, ama nibaki hapa nichezee nyumbani?" Nikamwambia asinitajie kina Root na Stokes, mastaa wa England, hao ukijipima nao utaumwa kichwa bure, kuna watu watatu waliozaliwa hapahapa Nairobi wakaenda kula mkate wa kaunti kila mmoja kwa njia yake, na ukiwaweka pamoja unaona vizuri hii kazi inalipa nini na inakunyima nini. Basi nikaona nimwandikie yote, na nyinyi wengine wenye swali kama lake msome hapahapa.

Kwa wasiojua, hizi kaunti si zetu za magavana. Uingereza kuna klabu 18 za kaunti za wachezaji wa kulipwa, na ligi yao kuu, County Championship, ilianza rasmi 1890. Mechi moja siku hizi ni siku nne, enzi za hawa jamaa zilikuwa siku tatu. Yaani mtu anaamka asubuhi anaenda uwanjani kama anaenda ofisini, anakula lanchi, anakunywa chai saa ya chai, anarudi kesho, halafu kesho kutwa yuko kwenye gari anaelekea mji mwingine, hivyo hivyo kuanzia Aprili mpaka Septemba. Wengi wanaoiwaza hii maisha wanawaza Lord's, ule uwanja mkubwa wa London, imejaa watu, kumbe siku nyingi ni Jumatano, baridi, wazee mia tatu na thermosi zao za chai na mbwa mmoja.

Tuanze na Basharat Hassan, manake ndo mkubwa wao na ndo anasahaulika sana. Kazaliwa Nairobi 1944, akaenda Nottinghamshire na kucheza kuanzia 1966 mpaka 1985. Hebu hesabu, misimu ishirini, klabu moja. Wenyewe walimwita Basher. Mikimbio (ndo pointi za kriketi) zaidi ya 14,000 ya daraja la kwanza, yaani mechi ndefu za siku tatu kwenda juu, na mechi ya Testi, ile ndefu ya nchi kwa nchi, hata moja hakucheza.

Wa pili Derek Pringle, kazaliwa Nairobi Septemba 1958, akasoma St Mary's pale Rhapta Road kabla ya kupelekwa shule ya Felsted kule Essex na baadaye Cambridge. Baba yake Don Pringle aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, 1975, ile timu iliyochanganya watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ikapigwa mechi zote tatu, na mzee huyo akafariki kwa ajali ya gari mwaka huohuo. Derek akaichezea Essex kuanzia 1978 mpaka 1993, na England mechi 30 za Testi.

Wa tatu Dipak Patel. Naye Nairobi, Oktoba 1958, yaani Pringle kampita kwa mwezi mmoja na siku kadhaa tu, pengine walizaliwa mitaa isiyozidi nauli ya basi moja lakini si mitaa ya watu wa aina moja kwa Nairobi ya wakati ule, wenye umri wanajua nnachosema. Familia yake ikahamia Uingereza akiwa bado mtoto, miaka ileile Wahindi wengi wa Kenya walikuwa wanafunga mizigo. Akaanza kuichezea Worcestershire 1976 akiwa na miaka 17, akakaa mpaka 1986, halafu akaaga akaenda New Zealand na kuichezea mechi 37 za Testi.

Haya sasa tuwalinganishe, na ntaanza na kitu ambacho vijana hawaulizi, hela ya mwezi wa Novemba.

Zamani mkataba wa kaunti ulikuwa wa miezi sita. Oktoba ikifika mshahara unakatika, wewe na mkeo mnaangaliana. Wengine walienda Australia, New Zealand ama Afrika Kusini kucheza na kufundisha watoto, wengine waliuza bima, wengine waliendesha vani za kupeleka mizigo, na Aprili mtu anarudi anavaa nyeupe zake anapigiwa makofi kama hajabeba katoni za mtu kipupwe kizima. Siku hizi mikataba mingi ni ya mwaka mzima kwa hiyo hapo pamekuwa na nafuu, lakini bado ni miaka miwili, mitatu, halafu Agosti unaanza kusikiliza kama simu italia. Wachezaji wana chama chao tangu 1967 kinachowatetea, ila chama hakiwezi kukulazimishia mkataba kama huna wiketi, yaani wapigaji uliowatoa.

Kwa hapo Hassan kawashinda wote. Mfumo wa kaunti ulikuwa na kitu wanachompa mchezaji aliyedumu, mwaka mmoja mzima klabu inamruhusu achangiwe, chakula cha jioni, mechi za hisani, ndoo inapitishwa kwa mashabiki, na inayopatikana yote ni yake. Sisi tungesema harambee, tofauti ni kwamba hapa harambee unafanyiwa ukishaumwa ama ukiwa unaoa. Sasa hiyo haupewi kwa sababu ulipiga mikimbio 200 siku moja, unapewa kwa sababu ulikuwepo, na ulikuwepo tena, na mwaka uliofuata pia ulikuwepo. Mtu kama Hassan, ambaye wastani wake ulikuwa kwenye ishirini na tisa hivi, si staa, ni mtu wa kutegemewa, ndo mfumo ulimjengea nyumba. Alivaa jezi moja na Garry Sobers aliyefika Nottinghamshire 1968, baadaye na Clive Rice na Richard Hadlee, hao wakubwa wanakuja wanaondoka, yeye yupo. 1981 Nottinghamshire wakachukua ubingwa wa kaunti ambao hawakuwa wameuona tangu 1929, na Basher alikuwemo kwenye hicho kikosi. Alipostaafu alikuwa na miaka 41.

Mpwa wangu aliposikia "hakucheza Testi hata moja" alikunja uso. Nikamwambia wewe kunja tu, lakini niambie kati ya watu unaowajua ni wangapi wamefanya kazi wanayoipenda miaka ishirini wakalipwa.

Ila na mimi sitaki kumdanganya, njia ya Hassan leo ni ngumu kuliko zamani. Yeye alienda kipindi ambacho mchezaji wa nje ilibidi kwanza aishi kule muda fulani ndo asajiliwe (sheria ililegezwa 1968, ndo Sobers akaingia moja kwa moja), kwa hiyo ukishasota huo muda unakuwa kama mtoto wa nyumbani. Leo ukiwa na pasipoti ya Kenya wewe ni mchezaji wa kigeni, na kaunti inaruhusiwa kuchezesha wageni wawili kwenye mechi ya Championship. Nafasi mbili. Unagombania na mtu wa Australia mwenye Testi 60 na mtu wa Pakistan anayerusha kilomita 145. Tuwe wakweli jamani.

Pringle sasa. Huyu ni njia ya mlango wa mbele: shule nzuri, chuo kizuri, 1982 bado ni mwanafunzi wa Cambridge anaitwa England kucheza na India pale Lord's. Mrefu kama mlingoti, anarusha mpira wa kasi ya wastani unaocheza kidogo hewani, na sikioni ana hereni, kitu ambacho wazee wa kriketi wa wakati ule walikitazama kama dhambi. Magazeti yakaanza kumwita mrithi wa Ian Botham, staa mkubwa wa England wa enzi hizo, na hapo ndo matatizo yake yalipoanzia, manake ukishaitwa mrithi wa mtu kama yule hata ufanye nini ni kidogo. Testi 30 kwa miaka kumi, unajua maana yake? Anaitwa, anaachwa, anaitwa tena, anaachwa tena. Wiketi 70, mikimbio 695, hajawahi kufika mia kwenye zamu moja ya kupiga.

Lakini rudi kwenye kaunti uone mtu mwingine kabisa. Essex kabla ya 1979 hawakuwa na kombe hata moja la maana katika historia yao yote. Kisha wakachukua ubingwa 1979, 1983, 1984, 1986, 1991 na 1992, na huyu jamaa alikuwa klabuni kipindi chote hicho, wiketi zake za daraja la kwanza zinapita 700. Kwa timu ya taifa ni mtu wa kuchekwa, kwa kaunti yake ni nguzo. Mimi hiki ndo kitu kinanivutia kwenye kaunti kuliko Testi, kwamba kuna mahali mtu anajulikana uzuri wake hata kama televisheni haijui.

Na kuna ova moja, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, lazima niielezee. Septemba 1985, fainali ya NatWest, kombe la kaunti la mechi za siku moja, Lord's, ova sitini kila upande. Essex wamepiga 280 kwa wiketi mbili. Wapinzani wao Nottinghamshire, ndiyo, klabu ya Basher, na ndo mwaka wake wa mwisho. Ova ya mwisho Nottinghamshire wanataka mikimbio 18 na mpira kapewa Pringle. Anayepiga ni Derek Randall, mtu asiyetulia, anaongea peke yake, anajikuna, anatembeatembea. Kwa hesabu ya miaka ile 18 kwenye ova moja ilikuwa kama imeisha, watu washaanza kutafuta funguo za gari. Randall akapiga. Akapiga tena. Mipira mitano ikaleta 16. Sasa zinatakiwa mbili, umebaki mpira mmoja, na Pringle anarudi kule mwisho wa mbio zake akiwa na njia yote ya kutembea na kuwaza. Ukinipa mimi mpira ule nafikiri ningejifanya nimeteguka. Akaurusha kuelekea miguuni, Randall akaupiga upande wa mguu na Paul Prichard akaudaka. Essex wameshinda kwa mkimbio mmoja, 280 kwa 279. Mtoto wa Nairobi kawafunga klabu ya mtoto mwingine wa Nairobi, na hapa kwetu nadhani hata mtu mmoja hakugeuka.

Baada ya kustaafu 1993 Pringle akawa mwandishi wa kriketi, Independent kwanza halafu Daily Telegraph. Hapo ndo unaona faida ya Cambridge, mguu ukichoka kalamu ipo. Mpwa wangu ameacha chuo mwaka wa kwanza kwa sababu ya ratiba ya mazoezi na hapa nilinyamaza nikamwangalia tu, akaelewa.

Patel ndo nimemwacha mwisho makusudi manake ndo anayefanana na huyu kijana wetu. Anarusha spini ya kugeukia ndani, anapiga vizuri sana, si mtoto wa mkubwa wa mtu. Alianza 17, akapewa kofia ya kaunti, ile ya heshima kwa mchezaji aliyekubalika, kila msimu mikimbio na wiketi zinaingia pale New Road, uwanja mzuri ule pembeni ya kanisa kuu na mto Severn ambao kila kipupwe ukifura unageuza uwanja kuwa bwawa. Na kila msimu England wanatangaza timu yeye hayumo. Mwaka wa kwanza unasema bado mdogo. Wa tatu unasema mwakani. Wa saba unaanza kununua gazeti ukiwa peke yako ili mtu asione unatafuta jina lako. Hiyo ya gazeti nimeitunga mimi, lakini mtu yeyote aliyewahi kungoja kuitwa anajua si uongo sana.

Miaka kumi bana. Akaanza kwenda kuichezea Auckland kule New Zealand, 1986 akaachana na Worcestershire moja kwa moja, na Februari 1987 yuko uwanjani Wellington na New Zealand wanacheza na West Indies. Yaani kitu alichokingojea miaka kumi Uingereza kakipata huko ndani ya muda mfupi tu.

Kwenye mizani hii sehemu ina uzito wa pande mbili, usikimbilie. Alipoondoka, Worcestershire wakamsajili Botham, Graham Hick akawa moto, na wakachukua ubingwa 1988 na 1989. Misimu kumi ya jasho halafu karamu inaliwa wewe uko upande wa pili wa dunia. Pringle aliyekaa klabu moja ana ubingwa sita kwenye kipindi chake, Patel akiwa Worcestershire hana hata mmoja. Lakini muulize nani ana Kombe la Dunia la 1992 mdomoni mwa watu mpaka leo.

Februari 22, 1992, Eden Park, Auckland, mechi ya ufunguzi na Australia ambao ndo mabingwa watetezi. Kapteni Martin Crowe badala ya kumpa mpira mpya mtu wa kasi kama dunia nzima inavyofanya, akampa Patel. Spini, mpira bado unang'aa, ova ya pili ya mechi. Wapigaji wa Australia walikuwa wamejiandaa kwa mpira unaokuja kasi wausukume tu, sasa huu unakuja taratibu inabidi nguvu watie wenyewe. Ova kumi, mikimbio 36, wiketi moja, New Zealand wakashinda na wakaendelea kushinda mpaka mechi saba mfululizo. Siku hizi kwenye T20, zile mechi fupi za ova ishirini, spina kufungua ni kawaida hata huku kwetu, lakini mtu wa kuonyesha dunia kwenye jukwaa kubwa alikuwa huyu huyu aliyeonekana hatoshi kwa England.

Na mwezi mmoja kabla ya hapo, Januari 1992, Testi ya Christchurch, New Zealand na England, Pringle yuko kule na Patel yuko huku. Patel kafika 99. Mkimbio mmoja tu awe na mia ya Testi, dhidi ya nchi ambayo haikumuita. Akatolewa kwa ranauti, yaani mpira ulifika kabla yeye hajamaliza kukimbia. Mia ya Testi hakuipata tena, 99 ndo ikabaki alama yake ya juu mpaka anamaliza 1997. Mimi nikiifikiria hii naumwa na tumbo kabisa.

Kombe lenyewe Pringle naye aling'ara. Adelaide aliwapa Pakistan ova nane na mipira miwili kwa mikimbio minane tu na wiketi tatu, Pakistan wakaisha na 74, halafu mvua ikaja ikawaokoa na ile pointi moja ya mvua ikawavusha nusu fainali. Huko wakamtoa Patel na wenzake palepale Eden Park, na fainali Melbourne wakamfunga Pringle aliyekuwa kachukua wiketi 3 kwa mikimbio 22. Pakistan wakashinda kwa mikimbio 22. Watoto wetu wawili, machozi yao kayachuma mtu mmoja.

Ukiangalia takwimu za Testi wanakaribiana mpaka inachekesha, Pringle wiketi 70 kwa mechi 30, Patel 75 kwa 37, ila Patel ana mikimbio 1,200. Kwa hiyo si kwamba mmoja alikuwa hodari na mwingine mzembe. Tofauti ilikuwa ni nani anaamua mwaka wako unaofuata. Hassan aliwaachia klabu yake waamue na klabu ilimheshimu. Pringle aliamuliwa na wateuzi wa England na walimchezea shere. Patel alifika mahali akaamua mwenyewe, kwa bei aliyoilipa. Baadaye akawa kocha, mpaka timu ya taifa ya Papua New Guinea aliifundisha.

Kuna wa nne ambaye nyinyi wote mnamjua, Collins Obuya, yule spina wa wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka pale Gymkhana, Nairobi, Kombe la Dunia 2003. Kwake sina haja ya maneno mengi. Warwickshire wakamchukua mwaka uleule, goti likamsumbua, na spini yake haikurudi tena kuwa ile. Akajigeuza mpigaji na 2011 akawapiga Australia 98 bila kutolewa. Naye mia ikamkwepa kwa mbili. Nimemtaja ili mjue kaunti inaweza kukufikia mapema mno pia.

Sasa mtoto wa dada yangu afanyeje? Kama anataka usalama wa kazi, Hassan, lakini hiyo milango imebana na pasipoti yake haimsaidii. Kama angekuwa na shule, Pringle. Mimi nampeleka kwa Patel, aende akacheze ligi ya klabu za wikendi huko kama makaratasi yake yatakuwa sawasawa, ila asingoje miaka kumi. Na nasisitiza makaratasi, manake mimi mwenyewe nilivyokuwa na umri wake niliuza pikipiki nikampa wakala fulani hela ya "majaribio ya kaunti", akanipa barua yenye nembo imechapwa imepinda, visa nikanyimwa na wakala simu ikawa haipatikani mpaka leo hii. Klabu ya kweli haikuombi hela ili ikuone, wewe ukiona unaombwa jua wewe ndo bidhaa.

Ligi za T20 zimebadilisha hesabu pia, siku hizi spina anaweza kukodishwa wiki sita nchi hii, wiki nne nchi ile, bila kumaliza hata msimu mmoja wa kaunti. Hela nzuri, ila hakuna harambee ya mtu wa wiki sita.

Nilimwambia kabla hajauza chochote achukue karatasi aandike namba moja tu, miaka atakayongoja bila kuitwa na mtu, halafu anipe mimi niitunze. Alikasirika akaondoka hajamaliza chai. Jana usiku meseji imeingia, "3" tupu. Nikamjibu, tatu nini? Kakaa kama dakika kumi hivi ndo akaandika, "Miaka anko. Lakini usimwonyeshe mama."